Alama Chini ya Jicho la Estha

Tunduma

Mama yangu mpenzi,

Hujambo mama? Kifua kimetulia, au baridi ya asubuhi huko Kondoa bado inakusumbua? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Najua umeshaambiwa kwamba nilionekana polisi. Sikukamatwa, mama. Nakueleza mwenyewe, usije ukasikia ya kuongezwa.

Kazi yangu hapa studio ni kusafisha picha za watu kwenye kompyuta: natoa chunusi, nalainisha ngozi. Jumatatu alikuja dada mmoja, Estha, kupiga picha ndogo za hati ya kusafiria, avuke mpaka kwenda kwa dada yake Nakonde, upande wa Zambia. Mdomo ulikuwa umevimba. Sikumuuliza. Nikamwambia azifuate mchana.

Kabla hajarudi akaingia mwanaume mmoja, mpole kabisa, na picha kwenye simu.

"Mke wangu amepotea. Akili yake haiko sawa. Nitengenezee tangazo, nikabandike kwenye malori na kule mpakani."

Nilipoifungua kwenye kompyuta, alikuwa Estha. Chini ya jicho kulikuwa na alama nyeusi iliyovimba.

"Hiyo itoe," akasema, ameniinamia begani. "Watu watauliza maswali."

Mama, picha za Estha zilikuwa pale mezani, nimeshazikata! Nikavua mtandio kama mtu aliyeshikwa na joto, nikazifunika. Nikawaza, nikikataa atakaa hapa kubishana, na Estha yuko njiani. Basi nikaitoa. Nilichukua ngozi safi ya shavuni, nikaipaka juu ya ile alama mpaka uso ukawa kama haujawahi kuguswa. Akautazama mtandio niliouvua, akaniuliza, "Unaumwa?"

"Malaria, kaka."

Akaondoka na matangazo yake. Haukupita muda, Estha akaingia. Nikafunga mlango, nikamwonyesha lile tangazo kwenye kompyuta. Akakaa chini sakafuni.

"Atanifuata hata Nakonde, dada."

"Twende polisi, dawati la jinsia. Picha aliyoileta sijaifuta."

Akaitazama kwenye kioo cha kompyuta. "Hiyo usiiguse. Ichape hivyo hivyo."

Tulipita uani, amejifunika mtandio wangu. Askari, mama mmoja mtu mzima, aliziweka pamoja picha mbili, yenye alama na ile ya tangazo. Kisha akapiga namba iliyokuwa kwenye tangazo, akasema mke amepatikana. Yule bwana alikuja mbio, matangazo kwapani. Akawekwa ndani.

Estha yuko mahali salama, lakini mimi bado naogopa. Jana ndugu zake yule bwana walisimama mlangoni kwetu, wakanitazama. Mwenye studio ananisihi niseme sikumbuki. Nimeitwa mahakamani, mama, na nitakwenda. Nitasema alama ilikuwepo, maana ni mimi niliyeitoa.

Niombee dua. Nisalimie bibi, baba mdogo, na wifi aliyejifungua. Mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Mwanao anayekuwaza kila siku,
Zaina