Mistari Ambayo Mashine Haisomi

Kaka Fideli,

Nimeolewa! Ningependa nianzie hapo na niishie hapo, maana sijawahi kuwa na furaha kama hii. Mume wangu anaitwa Arseni. Ndiye aliyepewa kiti chako kazini baada ya sisi kukuzika. Alifungua tovuti ulizotengeneza, akakuta maelezo yako katika maandishi yake ya ndani, ile mistari uliyoianza kwa mikwaju miwili (//) ili mashine iiruke na binadamu peke yake aisome. Akatutafuta hadi mtaani kwetu Nyakabiga aje kutuonyesha. Wa kwanza ulisema: "Usiguse hapa. Niligusa mimi, tovuti ikalala siku mbili." Nilicheka, nikalia, nikampenda. Wengine huchumbia kwa maua. Wangu alikuja kila Jumamosi na mstari wako mmoja kwenye karatasi. Zote nimezitia ndani ya Biblia yangu.

Lakini nina hasira na wewe, kaka.

Wiki iliyopita Arseni alifungua tovuti ya hoteli, ile ya mwisho uliyoitengeneza, ambayo hakuna aliyeigusa tangu ufe. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Akaniita, "Mupenzi, kuja ukae kwanza." Katikati ya maandishi ya ndani ya fomu ya kuomba chumba uliandika: "Leo naishia hapa. Kifua kimebana tena. Daktari anasema ni moyo. Kesho: kitufe cha kutuma." Na chini zaidi: "Wewe utakayekuja baada yangu, samahani kwa fujo hii, nimeiandika nimelala sakafuni. Nyumbani hawajui."

Hawajui! Ulimwambia mtu usiyemjua, ambaye pengine asingekuja kamwe, ukashindwa kuniambia mimi niliyekuwa nakula nawe sahani moja. Nilipokuuliza mbona unapumzika kwenye ngazi, ulinijibu, "We mutoto, mi nazeeka tu." Nami nikacheka.

Na unajua umetuachia nini? Siku ile ulikula sambusa kwa Mama Zubeda, jirani yetu anayezikaanga na kuziuza, kama kawaida yako, ukaanguka kabla hujafika mlangoni petu. Kilioni Mama alimnyooshea kidole mbele ya watu wote: "Ule ndiye amemumaliza mutoto wangu. Amemupa sumu." Watu wakaamini. Siku hizi wanavuka barabara wasipite mbele ya karai lake. Siku ya arusi yangu Mama Zubeda alileta kitenge, amekikunja vizuri. Mama akakitupa nje ya lango. Mimi nilikuwa na shela kichwani, nikatazama pembeni, sikutaka siku yangu iharibike.

Hiyo nayo ni dhambi yangu, siwezi kukutwika wewe yote.

Mama bado hajui. Ameishikilia ile sumu kama mtu anavyoshika fimbo. Nikimnyang'anya, atabaki anauliza kwa nini mwanawe hakumwambia, na jibu umekwenda nalo. Arseni anasema, "Ni mama yako, amua wewe." Nimeamua.

Lala, kaka. Nakupenda, lakini leo sijakusamehe. Jumapili tukitoka kanisani nitamsomea Mama mistari yako yote, hata ule wa sakafuni. Akikubali, tutakwenda pamoja kwa Mama Zubeda. Akikataa, nitakwenda peke yangu, mchana kweupe, nikae kwenye kibao chake nile sambusa zake, mtaa mzima unitazame.

Dada yako,
Klarisi