Kwilti ya Kwamboka na Pasi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Sketi sita za sare, mapindo yote tayari. Suruali ya mwalimu mkuu nimeiachia kiunoni tena, mara ya tatu. Mtu huyo anakula. Pasi nimeijaza makaa mara mbili leo. Mshono ambao haujapigwa pasi haujaisha, nimesema hivyo miaka ishirini hapa Masimba na sitachoka kusema.

Mchana alipita Madam Gesare. Ndiye aliyenunua ile nyumba ya mzungu kule Nyansiongo, anaigeuza iwe nyumba ya wageni. Anataka kwilti moja kubwa, ile ya vitambaa vilivyoungwa, ya kutundika sebuleni. Vilima vyetu na majani chai. Jina la aliyeishona litaandikwa chini yake, kila mgeni alisome. Ataangalia kazi za watu wawili halafu achague. Mmoja ni mimi.

Wa pili ni Kwamboka. Mke wa shemeji yangu! Tunaishi boma moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kutia uzi kwenye cherehani, alikuwa hajui hata upande wa sindano. Nimekasirika mpaka chai ikapoa kwenye kikombe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekata vitambaa. Kijani cha aina saba. Mistari ya majani chai nimeipima yote kwa futi, hakuna unaozidi mwenzake. Atafute kosa anayetaka kutafuta.

Jioni nikaenda kwa Kwamboka kuomba chumvi. Chumvi ninayo. Nilitaka kuona.

Ameitandaza kwenye kiti kirefu. Vilima vimeinuka. Vimetoka nje ya kitambaa kabisa, unaweza kuvishika. Majani chai hakuyachora wala hakuyakata, ameufinya uso wa kitambaa kidogo kidogo na kufunga kila fundo kwa uzi, kila kichaka kimesimama peke yake. Mto umezama chini. Bondeni kuna kivuli, na si kitambaa cheusi, ni kivuli kweli, ukisogeza taa nacho kinasogea.

Mkono wangu ulitaka kugusa. Nikaufungia kwenye leso.

Mishono yake imepinda. Nimerudi nyumbani nikiishikilia hiyo mishono iliyopinda. Chumvi nimeisahau kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Baada ya kanisa tulikula kwa mama mkwe. Sote humwita Magokoro, yaani bibi, kama watoto wanavyomwita. Mbele ya wanawake wote akasema, "Kwilti ya Mama Brian, ukiiangalia unasikia baridi ya kule juu Manga." Mama Brian ndiye Kwamboka. Wanawake wakacheka, wakakubali. Kwamboka akainamisha kichwa, akajifanya anachambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa.

Kazi yangu Magokoro ameisifu kwa neno moja tu tangu niolewe. Safi. Kazi ya Mama Moraa ni safi. Hata sufuria ni safi.

Wakati wa maombi sikuomba msamaha wa wivu wangu. Niliomba mishono yake ifumuke. Naliandika hili hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuliandika.

Jumanne, 11 Machi

Yangu imekwisha. Imenyooka, imelala, pembe zote nne ni sawasawa. Nimekaa mbele yake nusu saa nikiitafuta baridi ya Manga. Hakuna.

Saa nane Kwamboka akaja dukani kwangu na yake mgongoni. Cherehani yake ya mkono haiwezi kupita pindoni, tabaka ni nene mno. Yangu ya umeme inaweza. Akaniomba nimtilie pindo. Picha ameshamtumia Madam Gesare kwa simu, imebaki siku ya Ijumaa kupeleka kwilti zenyewe.

"Tafadhali Mama Moraa, hii usipige pasi," akasema. "Ndani nimejaza ile pamba ya nailoni ya kujazia mito. Ikiona moto inaisha."

Nikasema sawa. Akaenda kuchuma chai.

Nikaigeuza. Kumbe! Nyuma ya kila kilima kuna mpasuko mdogo, umerudishiwa kwa mkono, vibaya vibaya. Kwanza anashona vitambaa viwili pamoja, kisha anapasua cha nyuma na kusukuma pamba ndani kidogo kidogo. Anatumia spoku ya baiskeli iliyosagwa ncha, nimewahi kuiona dirishani kwake nikadhani ni ya watoto. Ni hilo tu. Nimemwonea wivu wiki nzima kwa sababu ya spoku.

Halafu nikaigeuza tena mbele, na wivu ukawa pale pale.

Jumatano, 12 Machi

Nimeipiga pasi.

Siwezi kuandika kwamba nilisahau. Hiki kitabu ni changu, nimdanganye nani. Pindo lilikuwa limekwisha saa nne. Pasi ilikuwa na moto kwa ajili ya sketi. Nikaanza na pindo, nikajiambia pindo halina pamba, pindo halina neno. Kisha kilima cha kwanza. Kilikaa chini taratibu. Harufu kidogo tu ya plastiki. Kisha cha pili. Kufika cha tano hasira ilikuwa imeniisha, nilikuwa nafanya kazi tu, nalainisha, kama kazi yoyote.

Kila mtu Masimba anajua Mama Moraa hupiga pasi hata tambara la vumbi. Nani ataniuliza?

Alhamisi, 13 Machi

Kwamboka amekuja. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nikasema, "Mama Brian, mkono umezoea. Kabla sijakumbuka ulikuwa umeshapita."

Akaweka kiganja juu ya kilima kikubwa. Kigumu kama sahani. Akaenda kwa kilima cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Nikangoja atukane. Nilikuwa na majibu.

"Ni mazoea," akasema. Akaikunja mara nne, akaondoka nayo kifuani.

Majibu yangu yote nimebaki nayo.

Ijumaa, 14 Machi

Nyansiongo. Mahindi ndiyo kwanza yanachipuka, ng'ombe wa watu wananona. Madam Gesare akazitandaza zote mbili sakafuni. Ya Kwamboka akaitazama kwa muda, akatoa simu, akaangalia picha, akaangalia chini tena. Kwamboka hakujitetea. Alisema tu iliguswa na moto.

Basi Madam akachagua yangu. "Hii ni safi," akasema. Safi tena.

"Lakini nataka uishone upya, vilima visimame kama kwenye ile picha ya mwenzako. Utaweza, si ndiyo? Fundi ni fundi."

Nikasema nitaweza. Ningesema nini?

Kwamboka akanipa mkono. Mikono yote miwili. "Hongera, Mama Moraa." Nilitafuta usoni mwake chochote kilichofichwa, sikupata.

Nimeshinda. Jina langu litakaa ukutani. Na bado namwonea wivu, ajabu gani hii. Kile nilichokionea wivu nimekiua mwenyewe na bado nakitaka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimenunua pamba ya nailoni. Nimesaga spoku. Nimeshona kwanza, nikapasua nyuma, nikajaza. Kila kitu alivyofanya yeye.

Imetoka mandazi. Vilima kumi na viwili, vyote saizi moja, vyote duara. Nimefumua.

Alhamisi, 20 Machi

Mandazi tena. Nimejaribu kutojaza sawa. Kimoja nikakipa pamba nyingi, cha pili kidogo, kisha mkono wangu wenyewe ukarudi kuongeza kwa kile cha pili ili vilingane. Sikuutuma. Nimeukemea mkono wangu kwa sauti, mteja akiwa mlangoni.

Vichaka vya chai navyo vimekaa kama vifungo vya shati.

Jumapili, 23 Machi

Nimepanda nyuma ya boma kutazama vilima vyenyewe. Nimekaa mpaka umande ukakauka. Kweli hakuna kilima hata kimoja kinacholingana na kingine. Miaka arobaini na saba nimeishi kati yavyo na sikuwahi kuliona hilo. Yeye aliliona akiwa anachuma chai, kikapu mgongoni, mvua ikimnyeshea. Hakuna aliyemfundisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba sehemu hiyo sikumfundisha mimi.

Mchana Magokoro akaja dukani kupumzisha miguu. Akaiona kazi mezani.

"Umepanda mandazi?"

Nikacheka. Alipomaliza chai yake akasema hivi hivi, bila kunitazama, kwamba Mama Brian ameifunika cherehani yake kwa gunia. Tangu ile Alhamisi hajaigusa. Amemwambia mumewe aiuze, yeye mikono yake ni ya chai.

Nilikuwa nimetaka ashindwe. Sikuwa nimetaka aache. Au nilitaka? Nimeliuliza swali hilo mara tatu na kila mara jibu linabadilika. Naogopa.

Jumatano, 26 Machi

Nilikwenda kwake mapema, kabla hajaenda shambani. Alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa ningesema kitu kingine.

"Sikusahau. Ulinionya nikakusikia. Niliipiga pasi kwa makusudi."

Hakuacha kukata. "Najua," akasema.

Akamtupia ng'ombe fungu, akaendelea.

"Kila kilima kina alama ya ncha ya pasi, katikati kabisa. Kimoja kimoja, vyote kumi na viwili. Aliyesahau anapitisha pasi mara moja, haendi kimoja kimoja."

Kumbe ndivyo alivyokuwa anavishika siku ile, alikuwa anahesabu. Alijua akiwa dukani. Alijua Nyansiongo akinipa mikono miwili. Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya Madam. Akasema, "Ningesema, ungekataa. Wewe ni Mama Moraa, mimi ni nani? Nikaona afadhali useme mwenyewe, au usiseme."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nikachukia kulia mbele yake, kwa sababu hata pale, nikilia, kuna sehemu yangu ilikuwa inachungulia mlangoni kwake kuona kama ameanza kwilti mpya.

Nikatoa simu, nikampigia Madam Gesare pale pale, sauti nimeifungulia Kwamboka asikie. Nikasema yote. Kwamba ile kazi iliguswa na moto wa pasi yangu, na kwamba nilitaka. Nilisikia kuku wa Nyansiongo. Kisha akasema, "Haya. Basi Mama Brian aishone. Na wewe, mama, asante kwa kusema, lakini usije." Akakata.

Kwamboka akaweka panga chini. Hakunishukuru na sikutaka anishukuru. Aliingia ndani, nikasikia gunia likivutwa. Akatoka na chai, kikombe kimoja, akanipa mimi. Nimekinywa chote, kilikuwa cha moto sana, nimeungua ulimi.

Alhamisi, 3 Aprili

Tunasalimiana. Juzi aliniletea maziwa, nikampelekea ndizi. Watoto wanakula huku na huku kama zamani. Magokoro haulizi chochote, lakini Sabato iliyopita alikaa katikati yetu, na si kawaida yake.

Dirishani kwake naiona kwilti mpya taratibu ikikua. Safari hii vilima ni virefu zaidi, na ameongeza ukungu, kitambaa chepesi cheupe kimekunjwakunjwa juu ya bonde na kushikiliwa na mishono michache, unaona chai kwa chini. Sijui amelitoa wapi wazo hilo. Sikuingia. Nimeitazama nikiwa njiani, ndoo mkononi, mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Nzuri mno. Nimekwenda kulala na kichwa kinauma.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri, imekatika saa tatu.

Nilijua kwilti yake imebaki pindo tu. Tangu Ijumaa nilikuwa nimeitia cherehani uzi wa kijani, ule mzito, na kubadilisha sindano. Meza nimeifuta. Pasi sijaiwasha siku tatu, nguo za watu zinangoja na makunyanzi yake, mwalimu mkuu amelalamika.

Kwamboka amepita saa nne na mzigo mgongoni, umefungwa kwa leso mbili. Nikasimama. Akasema, "Bwakire, Mama Moraa." Nikaitika. Akauliza kikohozi cha Moraa, nikasema kimepungua, akasema tumshukuru Nyasae. Sauti yake ilikuwa nzuri, haikuwa na kitu. Kisha akaenda stendi. Anakwenda Keroka, kuna fundi huko mwenye cherehani nzito. Atalipa nauli kwenda na kurudi, na atakaa huko kutwa mpaka pindo liishe.

Mlango wangu ulikuwa wazi. Mezani hapakuwa na kitu.

Namwonea wivu huyo fundi wa Keroka, na simjui hata jina.

Nimekaa kidogo. Kisha nimetoa uzi wa kijani, nikatia mweusi wa suruali.