Kwa Aurelia Hyera wa Duka la Ufukweni, Tuliyemnyoa kwa Nguvu

Mwaka umetimia leo, Aurelia, tangu presha ikuangushe nyuma ya kaunta, mche wa sabuni ukiwa bado mkononi. Tulitaka kuandika kama waandikavyo wengine, kwamba ulikuwa mpole na mwenye upendo, basi. Binti yako Ottilia ametukatalia. "Ama muandike mliyomfanyia mama, ama msiandike kitu," alisema, akatusimamia mpaka mwisho.

Duka la baba hapa ufukweni tulilila sisi wenyewe, kaka zako. Baada ya kumzika mzee hatukubakiza hata kiberiti, mbuzi wakawa wanalala ndani. Wewe ukarudi kutoka Mbinga, ukawatimua mbuzi kwa fimbo, ukapaka chokaa, ukaanza na chumvi, ndoano na nyuzi za nyavu. Ulikuwa mkali, tusidanganyane. Mlevi akitema mate kizingitini ulimchapa na ufagio, lakini mtoto aliyetumwa sukari hakuondoka bila kipande cha muhogo cha kutafuna njiani.

Halafu ikaja ile masika. Ziwa lilichafuka likavunja mitumbwi sita, maporomoko ya udongo yakaimeza barabara, na mabasi ya Mbinga yakaishia Tingi, ng'ambo ya maporomoko. Maduka mengine yote yakafungwa. Lako halikukosa chumvi wala mafuta ya taa. Watu wakaulizana: nani anambebea bidhaa? Wakajijibu wenyewe: ndondocha, wafu anaowafuga chini ya sakafu wamtumikie. Sisi ndugu zako, badala ya kukuuliza, tukaamini. Kusema kweli tulitaka kuamini, maana duka lilitushinda sisi, wewe ukaliweza.

Tulikuja mchana kweupe, na majembe na mganga mgeni. Mlango tuliupasua kwa shoka. Sakafu ya baba tuliichimba mpaka kwenye mawe, hapakuwa na kitu. Mganga akasema basi uchawi uko kichwani, anyolewe. Ulipigana, Aurelia. Ulimng'oa mmoja wetu jino kwa jiwe la mizani. Tulikuburuta kwa miguu hadi mchangani, tukakukalia mgongoni, na wembe ukapita na nywele na ngozi pamoja. Damu ilikuingia machoni, watu wanashangilia.

"Malizeni upesi," ulisema. "Mafuta ya taa yamemwagika ndani, mtu asije akawasha sigara."

Wembe ulipofika utosini haukukuta nywele. Palikuwa na duara la ngozi ngumu kama kisigino, pale ngata inapokaa, palipoliwa na mizigo. Ndondocha aliyekuwa akibeba bidhaa kutoka Tingi ni wewe mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfuko wa chumvi kichwani, ukivuka maporomoko kwa miguu kabla watu hawajaamka. Mganga aliondoka wa kwanza. Sisi tuliokukalia tulishuka, na hakuna aliyekupa mkono uinuke.

Kesho yake ulifungua duka, mlango umeuegesha kwa mawe, kichwa umekifunga kilemba. Mmoja wetu alikuja kununua chumvi, ukampimia sawasawa. Kwa miaka minne baada ya hapo ulituuguza, ukawalipia watoto wetu shule Kigonsera, na siku ile hukuitaja. Nasi hatukukuomba msamaha. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulisema tutakwambia wiki ijayo.

Tunakuomba msamaha leo, tumechelewa nawe hutusikii tena, na aibu hii ni yetu mpaka kaburini. Hukuwa mchawi, dada. Ulikuwa umechoka.

Hatutakutoa moyoni siku zote za maisha yetu, sisi tunaokukumbuka:

Kaka yako Isidori, aliyeshika shoka.

Kaka yako Dunstan, aliyeshika wembe.

Wifi yako Gaudiosa, aliyemwita mganga na kumchinjia kuku.

Majirani wote, waliopiga makofi.

Na binti yako Ottilia, aliyekuwa kazini Songea. Alipokuja likizo ulimwambia umenyoa kwa sababu ya joto, na kijiji kizima kikanyamaza pamoja nawe. Makovu aliyaona siku ya kukuosha.