Tiketi ya Kutembea kwa Miguu

La Rochelle, Johannesburg
Oktoba 2018

Dada yangu Feza,

Magoti yako yameamkaje? Naanza na hayo kwa sababu mvua za huko Fizi zimeshaanza, na najua unyevu unavyoyatesa. Na shemeji, kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, ila nyayo zinaniuma, na nyayo hizo ndizo habari yenyewe.

Nimerudi kutoka Italia wiki mbili zilizopita. Uliniagiza niseme na mwanangu Bahati juu ya makaburi, uso kwa uso, kwa kuwa neno kama hilo halipiti kwenye simu. Ni kweli. Tumebaki wawili tu, mimi nawe, tunaojua walipolala Baba na Babu, na sisi wawili hatuna miaka mingi ya kuahidiana. Mwanangu aliponialika nikakae naye siku kumi za likizo yake, nikasema mlango umefunguka.

Siku ya tatu akaniambia, "Baba, kesho tunatoka. Mimi, wewe na Chiara. Huko ndiko tutaongea vizuri." Chiara ni mkwe wetu, mtoto mwema, ingawa anakula nyanya mbichi kama tunda. Mimi nikavaa kama mzee anayetoka na watoto wake: suti nyeusi, shati jeupe, viatu nilivyovaa siku tulipomzika mama yake Bahati. Wao wakaja na kaptula.

Tulishuka treni katika kijiji cha pwani, si mbali na Genova. Mwanzoni mwa njia kuna kibanda, na mbele yake foleni. Nikauliza foleni ya nini. Dada, watu walikuwa wanakata tiketi ya kutembea kwa miguu. Miguu yao wenyewe! Hapa Johannesburg anayekwenda kwa miguu ni aliyekosa nauli ya teksi, na akipita Jeppestown anakwenda upesi, simu ameificha kwenye soksi. Nilipomsimulia jirani yangu, yule kinyozi Mrundi, aliacha mashine kwenye kichwa cha mteja. "Eish, mzee! Wamekulipisha njia?"

Hujaona watu wazima wakijidhalilisha namna ile. Wenye afya kamili wameshika fimbo mbili mbili kama waliovunjika nyonga. Maji wanayanyonya kwa mpira unaotoka mgongoni, kama wagonjwa waliotundikiwa dripu. Wengine wamejianika juu ya miamba, wanajigeuza upande huu na upande ule, kama ndagala wetu wanaoanikwa ufukweni, ila ndagala hawajipaki mafuta. Bahari ni nzuri, sitasema uongo. Lakini maji yote yale, na huwezi kunywa kikombe kimoja. Ziwa letu unachota, unakunywa, unakwenda zako.

Bibi mmoja mzee alinishika mkono akaniita padre, kwa sababu ya suti. Chiara alicheka mpaka akakaa chini. Sikumkanusha yule bibi. Nilimwambia kwa Kifaransa Mungu ambariki, maana kati ya wote niliokutana nao, ni yeye peke yake aliyebeba kitu chenye maana: kikapu cha vitunguu.

"Baba, pole pole," Bahati akaniambia. "Si mashindano."

"Nani anashindana? Nataka kufika."

"Hatuendi kufika. Tunatembea tu."

"Mtu anatembea ili afike, Bahati. Mengine ni wazimu."

Njia ilikuwa nyembamba, mtu mmoja mmoja, yeye mbele mimi nyuma. Mara mbili alisema, "Haya Baba, lete hilo neno, nakusikia." Nikamwambia kisogo hakiambiwi neno la makaburi. Kwetu tunakaa kwanza. Amekulia huku Johannesburg, hajui hata hilo, na kosa ni langu.

Jambo moja lilinichekesha kuliko yote. Kila hatua chache, juu ya jiwe, ukuta au shina la mti, wamepaka mstari mwekundu na mstari mweupe. Nikamuuliza Chiara ni urembo gani huo.

"Ni ili watu wasipotee," akasema.

Wapotee wapi? Kushoto bahari, kulia mlima. Mbuzi kipofu asingepotea pale. Niliwacheka mchana kutwa.

Mwishowe tukakaa, chini ya ukuta wa mawe wenye ile mistari miwili, kwenye mgahawa. Wakatuletea samaki sita wasiofikia kidole, wabichi, wamemwagiwa limau. Nikawasogeza kando, nikasema neno lako lote. Kwamba lazima aende, aonyeshwe, kabla hatujafa na siri. Bahati hakucheka, wala hakutazama simu.

"Shangazi atanipeleka?"

"Magoti yake hayapandi tena mlima."

"Basi wewe."

Nikatoa hati yangu ya mkimbizi mfukoni, nikaifungua. Imeandikwa kwamba naweza kwenda nchi zote za dunia isipokuwa moja, ile niliyozaliwa. Aliisoma, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Basi nielekeze, Baba. Nitafikaje?"

Nikamwelekeza. Unapanda kutoka barabarani, pale palipokuwa na shule ya misheni. Unapita palipokuwa na kinu cha mahindi. Unageuka kwenye nyumba ya fundi seremala, ile iliyochomwa. Unafuata shamba la mihogo la mama mkubwa, kisha uzio wa ng'ombe.

Akahesabu kwa vidole. "Baba, umenipa alama tano. Kuna hata moja ambayo bado ipo?"

Nikairudisha hati mfukoni. Aliweka kiganja ukutani, juu ya ile rangi nyekundu na nyeupe. "Hata alama kama hizi tu, Baba. Ningeenda mwezi wa saba."

Nikamwambia makaburi ya baba zake si matembezi ya Wazungu. Tukarudi, na swali lake nimerudi nalo hadi huku.

Dada, mawazo yangu juu ya watu wale hayajabadilika. Kununua tiketi ili usifike popote ni upuuzi, na samaki wale wangetupiwa paka kwetu, paka angeuliza wengine wako wapi. Lakini nakuomba ununue makopo mawili ya rangi ya mafuta, nyekundu na nyeupe. Kijana wa shemeji anayepaka mitumbwi apande akipaka mistari kama ile, nawe ubaki chini kando ya barabara umwelekeze kwa simu, jiwe kwa jiwe, kwa kumbukumbu yako. Yangu umeshaona ilivyo. Bahati nimemwambia jana. Alinijibu, "Sharp, Baba," kama vijana wa huku wanavyokubali jambo.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, mjane wa kaka yetu mkubwa, na yule mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kusoma noti nikamshinda.

Kaka yako anayekukumbuka kila mvua inyeshapo,
Elia

Nimekumbuka: kwenye makaburi yenyewe kijana asipake kitu. Pale rangi zitakapokwisha, mtoto atajua amefika.