Kompyuta Inayosema "Rara"

Kabiria, Nairobi
Jumatatu, 18 Mei 2009

Kwako dada Waithera,

Pokea salamu zangu huko Lodwar kwenye jua lako. Sisi huku ni matope tu, kutoka lami hadi kwetu mtu anatembea viatu mkononi. Je, u mzima? Wagonjwa wanakuachia hata nafasi ya kukaa chini unywe chai? Baba hajambo, Mwaura hajambo, nami sijambo ila vidole vinaniuma kwa kusuka watu huko Kenyatta Market. Najua umenipigia mara nyingi kuuliza ntheo, ile siku ya kupeleka mbuzi wa posa, ilikwendaje, nami nikakuambia ilikwenda vizuri lakini mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikuwa nakata simu mimi. Kuna jambo siwezi kulisema huku nikisikia unapumua upande wa pili, kwa hivyo keti usome.

Unajua wazee wa kina Munyiva walikubali Mwaura apeleke mbuzi. Lakini babake Munyiva, mzee Nzuki, alitia sharti: neno la kuwaleta hao mbuzi alisikie kwa baba ya kijana, si kwa msemaji wa kukodishwa. Mwaura akamweleza kwamba Baba alifanyiwa upasuaji wa koo, na sauti ikabaki hukohuko hospitalini. Mzee akajibu kwamba amesikia mtu huyo huongea kwa kompyuta, basi aje nayo. Mwaura alirudi amekunja uso, maana bila neno hilo Munyiva angebaki kwao.

Kompyuta yenyewe unaijua, lile lijitu la sebuleni lenye kichwa cha televisheni. Kulibeba hadi Kangundo kwa kina Munyiva ni kama kuhamisha nyumba. Tukakubaliana tununue laptop ndogo, ya kuingia kwenye mkoba, tuhamishie humo ile programu ya kusoma maandishi pamoja na maneno yote uliyoifundisha. Nikasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mdomo wangu huu!

Kabla hatujahamisha chochote, stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na moshi ukatoka nyuma ya kompyuta. Fundi wa Adams Arcade aliifungua akasema diski imeungua, hakuna cha kuokoa. Kilichobaki ni ile CD ya programu kwenye droo. Baba akaketi mbele ya kioo cheusi, mikono juu ya kibodi, kama mtu anayengoja chakula. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Nikampeleka mjini, duka moja ghorofani Moi Avenue, la mama anayeitwa Peres. Laptop ya kwanza ilikuwa nyekundu, nzuri, nyepesi, lakini ilikuja na Linux, na CD yetu ni ya Windows 98. Hata kujuana hazikujuana. Kisha nikagundua kwamba hizi ndogo hazina hata mahali pa kutia CD. Peres akainakili kwenye flash disk, akajaribu nyingine yenye mfumo mpya. Ikakataa katakata. Akatuambia kwa upole kwamba programu hiyo ni ya zamani mno, tuiache, akatuwekea sauti ya kisasa, safi, ya kutangaza ndege. Baba akaandika jina lake, ile sauti ikalitamka bila kosa. Akaitazama. Kisha akaandika: "Huyu ni nani?" Na akafunga kifuniko.

Dada, nilimkasirikia. Jumamosi ya ntheo ilikuwa inakuja, mbuzi wamefungwa nyuma ya nyumba wanakula maua ya jirani, na yeye anachagua sauti kama anayechagua suti.

Peres ndiye aliyetuvumilia. Akatoa laptop ndogo iliyobaki kabatini, yenye XP, akaibonyeza mahali akaiambia ijifanye kompyuta ya zamani. Programu ikafunguka. Halafu ile sauti ikatoka, ile yetu, ya roboti mwenye mafua! Nililia mbele ya wateja. Baba akaandika kile alichotuambia kila tulipoenda kulala, lala salama, na mashine ikasema "lela seleima", kama mtalii. Hapo nikaelewa. Sauti ilikuwa imerudi, lakini maneno yako yote yalikuwa yameungua.

Basi nikaanza upya, kati ya mteja na mteja, na jioni nyumbani. Kila neno nililiandikia tahajia ya kulidanganya hilo Zungu liseme kama Baba: rara sarama, nimereta, mtusikirize. Baba hakuweza kunisaidia kuandika, maana unamjua, mpaka leo anaamini yeye husema "lala" kama mtu wa Mombasa. Alikaa kando tu, akitikisa kichwa au kukubali.

Kangundo wazee walikuwa wameketi, na betri nilikuwa naiangalia kuliko nilivyomwangalia bwana harusi. Baba akaandika polepole, vidole vyake vinene vikigonga herufi mbilimbili. Mashine ikakwama. Mwaura akanishika mkono akaufinya hadi ukauma. Kisha ikasema: "Mimi ni Zachariah Kibe. Nimereta mbuzi watatu wa ntheo. Naomba mtusikirize."

Watoto wakacheka, wakanyamazishwa. Mzee Nzuki hakucheka. Aliuliza mashine hiyo ilizaliwa wapi. Baba akaandika, nayo ikajibu: Kabiria.

"Basi hiyo si mashine," mzee akasema. "Huyu ni Mkikuyu kabisa. Karibu, Kibe."

Mbuzi wakapokelewa. Munyiva alilia, Mwaura alilia, hata mimi niliyejifanya mgumu.

Sasa jambo lenyewe. Nilipokuwa naandika yale maneno, sikuwa nakumbuka sauti ya Baba. Nilikuwa nakumbuka kompyuta. Alipopelekwa hospitali nilikuwa darasa la tatu, na nimetafuta kichwani hadi nimechoka: namwona akicheka, namwona akinikemea, lakini hakuna kinachosikika. Nimeona aibu hata kumtazama usoni.

Na tangu turudi anaandika jina lako. Mashine inalisema, anatikisa kichwa. Nimebadilisha herufi kila namna, anatikisa kichwa. Anafungua mdomo anionyeshe, midomo inatembea, na mimi sijui. Mwaura alikulia kwa nyanya, naye hajui. Jana Baba aliandika: "Waithera anajua."

Niandikie, dada, vile alivyokuwa akikuita akikuamsha kwenda shule, herufi kwa herufi, hata kama ni jina la kitoto. Au omba likizo uje umfundishe mwenyewe.

Mwaura na Munyiva wanakusalimu sana. Peres pia, ingawa hakujui. Baba amenikataza kukuandikia salamu zake. Anasema atakusalimu mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Shiru