Ishirini na Nne, na Kibao Shingoni

Ijumaa, Juni 1996

Nitaenda Homa Bay! Mimi, ambaye hata kuitikia jina darasani hunitoa jasho.

Mwalimu wa hesabu aliandika ubaoni 1, 3, 4, 6. Tutengeneze ishirini na nne, kila namba mara moja tu. Atakayeweza ataingia timu ya mashindano ya Homa Bay. Otieno, kiranja wetu, alijaribu mpaka chaki ikamwishia mkononi.

Mimi nikaona ghafla kwamba lazima tupitie robo. Moja utoe robo tatu, inabaki robo. Sita ugawe kwa robo...

"Aseyude!" nikapiga kelele. Yaani nimeipata, lakini kwa Kijaluo, na shuleni ni Kiingereza na Kiswahili tu! Otieno akanivisha kile kibao cha wanaoongea lugha ya nyumbani. "Pole dada, leo ni wewe wa kufagia!"

Nilitamani kujificha chini ya dawati. Lakini nafasi ingeenda hivyo hivyo. Nikaenda ubaoni, kibao kikining'inia, nikaandika 6 ÷ (1 − 3 ÷ 4).

Mwalimu akaangalia, akacheka. "Ber ahinya, nyara!" Vizuri sana, binti yangu.

Darasa zima: "Mwalimu, kibao!" Sheria ni kwamba kinamhamia anayeteleza baada yako. Akainama, nikamvisha.

Jioni alifagia kweli. Nikamsaidia kupanga madawati, nikamwambia naogopa kusema mbele ya watu nisiowajua huko Homa Bay.

"Ukipata jibu, piga kelele tu," akasema. "Lugha tutajua baadaye."