Kamba ya Mabano

Othaya, Nyeri

Mdogo wangu Mwanaidi,

Pokea salamu za kaka yako kutoka kwenye baridi. Mgongo wako unaendeleaje, na paa la jikoni limekwisha kuezekwa? Mimi mzima, kifua hunisumbua asubuhi tu, ukungu unaposhuka kwenye majani ya chai.

Nakuandikia kukushukuru. Nilipokuja huko Korogwe kumzika mama, ulinitajia neno mlilowafundishia watoto shuleni: MAGAZIJUTO, yaani mabano kwanza, kisha gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sikujua nitalihitaji. Jirani yangu Wanjiru, anayeniletea uji tangu mke wangu afariki, aliacha shule alipoolewa. Mwaka huu anataka kufanya mtihani wa darasa la nane. Mwalimu alimwambia akianguka jaribio la hesabu, jina lake litaondolewa kwenye orodha ya mtihani.

Lililomliza ni 2 + 3 × 4. Kila mara alipata ishirini. Nikamtajia neno lako.

"Mzee, hiyo ni wimbo tu. Haiingii."

Basi nikachukua vitunguu anavyouza sokoni. Viwili nikaviacha, vingine nikafunga mafungu matatu ya vinne vinne kwa ukamba wa mgomba, kama afanyavyo yeye. "Chukua, ni vitunguu ishirini."

"Ishirini? Wee mzee, unataka kuniibia! Hapa niko na kumi na nne."

Akafungua kamba, akafunga viwili na vitatu pamoja, akaongeza vingine kutoka kikapuni hata akapata mafungu manne ya namna hiyo. "Sasa ndiyo ishirini. Kumbe mabano ni kamba!"

Jana alirudi amefaulu jaribio. Swali la mwisho lilitaka mabano yawekwe ili 2 + 3 × 4 − 1 iwe kumi na moja. Akafunga 4 − 1.

Mumewe, Kariuki, alichinja jogoo. Tukiwa tunakula, Wanjiru akanichokoza: "Na wewe mzee, uko ndani ya mabano ya Korogwe ama ya hapa?"

Unajua nimelibeba swali hilo tangu ushonaji uliponileta huku.

Kariuki hakuinua hata kichwa kwenye supu. "Ya hapa. Huyu tulimfunga kitambo."

Nisalimie shemeji yangu seremala, na shangazi yetu mkubwa. Mwambie baridi haijaniua.

Ni mimi kaka yako, niliyefungwa huku bila kufunguliwa huko,

Hemedi